Tuliovuka miaka 45 huku Kusini: ni jambo gani unalofanya lisilokuingizia hata shilingi?

Mwalimu wa Chuno (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za jioni. Wakubwa zangu, shikamooni.

Nina miaka 48. Nafundisha sekondari hapa Mtwara mjini, na upande wa Nanyamba nina shamba la mikorosho alilotuachia baba. Watoto wawili bado wako shule, mama yangu mzazi naishi naye, mume wangu ni fundi magari. Ukibadilisha jina la kijiji na aina ya kazi, naamini wengi wa rika langu humu mnaishi maisha haya haya.

Nataka tuzungumzie mkeka.

Mama alinifundisha kusuka ukili, ule utepe mrefu unaoshonwa kuwa mkeka, nikiwa shule ya msingi. Nikaacha nilipokwenda bweni, na miaka ya karibuni nimerudia. Jioni, madaftari yakishasahihishwa, nakaa naye uani, yeye anachana ukindu, mimi nasuka. Tunaongea, au hatuongei. Ukili ukifika pima za kutosha tunaushona. Haraka hakuna, mkeka mmoja unaweza kukaa mikononi mwetu msimu mzima.

Kila mgeni anayeingia uani huusifia rangi, kisha huuliza: "Unauza bei gani?" Nikijibu kwamba siuzi, somo linaanza. Tafuta oda. Piga picha uweke mtandaoni. Wakusanye akina mama mchukue mkopo wa halmashauri, ile asilimia 10. Wapelekee watalii Mikindani. Mwenzangu mmoja wa kazini, ninayempenda kama ndugu, ameniambia nimekalia mtaji.

Najua wanasema kwa kunitakia mema. Ila linaniuma. Kwetu mtu akishavuka 45, kila anachokishika lazima kiitwe mradi. Kuku mradi. Mchicha wa uani mradi. Ukitaka kutembea ufukweni Shangani asubuhi kwa ajili ya afya, utaambiwa mjiunge kikundi, kikundi kinazaa vicoba, na baada ya muda mazungumzo yote ya ufukweni ni ya marejesho.

Tazameni na kalenda yetu. Sheria ya ajira inampa mfanyakazi siku 28 za likizo ya malipo kwa mwaka, na sisi walimu mapumziko makubwa ya shule huangukia Juni na Desemba. Juni mikorosho inachipua na kuanza kutoa maua, ugonjwa wa ubwiri unga unanyemelea, salfa lazima ipulizwe. Na salfa ya unga hupulizwa alfajiri, umande ukiwa bado kwenye majani na upepo umetulia, maana jua likipanda unga unapeperuka tu. Desemba ni kuokota, kutenganisha korosho na mabibo, kuanika, kupeleka chama cha msingi, kufuatilia mnada. Kwa hiyo mfanyakazi wa Mtwara mwenye shamba hutoka kazini akaenda kazini, na Januari anarudi ofisini amechoka kuliko alivyoondoka.

Msimamo wangu ni huu, na nitausimamia: mtu wa umri wetu anahitaji walau jambo moja lisilo na hesabu ndani yake. Pesa nazihitaji, nina ada za kulipa. Lakini najua kitakachotokea siku mkeka wangu utakapopata bei. Utapata mteja, mteja atataka tarehe, tarehe ikipita zitakuja lawama. Nitaanza kumhimiza mama achane haraka, mama mwenye miaka 74. Jioni yangu naye itakuwa zamu nyingine ya kazi. Baada ya hapo nitatafuta wapi pa kupumzikia?

Halafu kuna umri wenyewe. Nilipoanza kusogeza simu mbali ili nisome ujumbe, mtaalamu wa macho alinieleza kwamba baada ya miaka 40 lenzi ya jicho hukakamaa, haijikunji tena vizuri kwa kitu cha karibu, na humpata karibu kila mtu. Nina miwani sasa. Usukaji ninaouweza leo, huenda nikiwa na miaka 65 nisiuweze, kwa macho au kwa vidole. Na mama hatakuwa akichana ukindu milele. Anayeniambia "utapumzika ukistaafu" ananiambia niahirishe kitu ambacho hakitakuwepo.

Nauliza kwa dhati: wewe unafanya nini ambacho hakikuingizii shilingi? Na umekilindaje?

Kijana wa Mtanda

Naweka kambi hapa. Nina 27, niko Lindi mjini, uzi si wa rika langu. Nimemtumia mama ausome.

Mkulima Tandahimba

Mwalimu, hongera kwa uzi. Nina 53, mkulima mtupu, sina mshahara wala likizo ya kuandikiwa barua.

Nakubaliana nawe nusu. Zamani nilikuwa nabeba bloa, mashine ya kupulizia salfa, mgongoni tangu saa kumi alfajiri mpaka saa mbili asubuhi, nikiitua nashika jembe napalilia. Sasa mashine nawaachia vijana, nawalipa, mimi natembea nao mstari kwa mstari nawaelekeza mti upi umeshambuliwa zaidi. Jambo hilo dogo lilinichukua muda kulikubali, kwa sababu huku mwanaume akiacha kubeba mashine watu huanza kuuliza kama anaumwa. Siumwi. Nina miaka 53.

Bei nzuri nayo ina mtihani wake. Msimu wa 2024 minada ilipovuka shilingi 4,000 kwa kilo, majirani zangu wengi wa rika langu, waliokwisha kupunguza kazi, walirudi porini kufyeka. Mimi sikwenda. Mke wangu alinuna kidogo, tukakaa tukaongea. Nikamwonyesha kwamba kwa nguvu nilizobaki nazo, kuitunza miti niliyonayo kunalipa kuliko ekari mpya nisizoweza kuzifikia: kuipogolea, kung'oa mikuukuu isiyozaa, kupanda miche bora inayotokana na kituo cha utafiti cha Naliendele. Akaelewa. Leo yeye ndiye anayesimamia kitalu.

Jambo langu lisilo na shilingi ni ngoma. Napiga tangu ujana. Msimu wa jando na unyago wananiita, naenda, nakula ugali wa muhogo, napiga hadi usiku mkubwa. Mtu akitaka kunilipa nakataa. Wapo wapigaji wanaolipwa na wana haki yao, sina neno nao. Ila nikishalipwa nitatakiwa nipige mpaka mwenye pesa aridhike. Hivi sasa tunapiga mpaka sisi na wachezaji turidhike, tukichoka tunasogea motoni kupasha ngozi za ngoma, tunapiga soga, tunarudi tena.

Nusu ninayoikataa ni hii. Unazungumza kana kwamba kazi ni upande mmoja na raha upande mwingine. Mwezi wa tisa mabibo ya kwanza yakianguka, nikaokota moja, nikalila pale pale chini ya mti maji yakinichuruzika mkononi, niko kazini au nimepumzika? Sisi wakulima tumezoea kuzichanganya. Wewe umeajiriwa, kengele ndiyo imekuzoesha kuzitenganisha.

Mbanguaji wa Newala

Samahani Mwalimu, nitasema kwa ukali kidogo, usinichukie.

Nina 46. Nabangua korosho kwa mkono, nalipwa kwa kilo, na zikivunjika bei yake inashuka. Ganda la korosho lina mafuta yanayounguza ngozi. Tunapaka majivu vidoleni, na hata hivyo ukiiona mikono yangu utajua kazi yangu bila kuniuliza. Nikitoka hapo natafuta maji, napika, namhudumia mama mkwe.

Ukisema "jambo lisilo na hesabu", nauliza: muda huo unatoka wapi? Wewe mshahara unaingia ukisuka, unaingia usiposuka. Mimi siku nisipobangua, siku hiyo haina pesa.

La pili. Mume wangu anacheza bao kila jioni chini ya mwembe. Halimwingizii kitu, na sijamsikia mtu hata mmoja akimwambia aligeuze bao kuwa mradi. Sisi wanawake tukikaa na kitu mkononi ndipo tunaulizwa bei. Wageni wako wangemwuliza baba yako hivyo hivyo? Naomba na hilo lizungumzwe, lisipitwe.

Kijana wa Mtanda

Hoja ya bao ni nzito. Nimemsomea mama kwa sauti, ameniambia nirudie mara ya pili.

Muuguzi Kusini

Nami nichangie, nikiwa mtumishi wa afya hapa mkoani, umri 44.

Tunaoonana nao kliniki ya presha, wengi ni rika hili hili mnalolizungumza. Presha mara nyingi haina dalili. Mtu anapalilia, anafundisha, anauza samaki feri, anajiona mzima, siku akipimwa kwa sababu nyingine anakutwa na 140 kwa 90 au zaidi, akirudiwa siku nyingine ni vile vile. Wengi huniambia wangejua mapema kama wangepata nafasi ya kuja. Nafasi ndiyo hiyo mnayoijadili. Mtu asiye na saa moja yake mwenyewe kwa wiki hana pia saa ya kupima presha, sukari wala macho.

Wanaume mkishafika 50, mkianza kuamka usiku mara kwa mara kukojoa au mkojo ukatoka kwa shida, njooni muangaliwe tezi dume. Msikae nayo nyumbani mkidhani ni uzee tu.

Akina mama, hili nataka niliseme waziwazi. Kati ya miaka 45 na 55 hedhi hukoma kwa wengi wetu, na kabla haijakoma huja mambo yake: joto la ghafla linalopanda kifuani hadi usoni, jasho usiku, usingizi unaokatika saa nane, moyo kwenda mbio, hasira ambazo mwenyewe huzielewi. Nimewapokea wanawake waliokwisha kumeza dawa za malaria tena na tena bila kupima, kumbe ni hilo. Wengine waliambiwa na waume zao wamekuwa wavivu. Mwanamke aliyelala saa tatu kwa vipande, kisha akaamka kukoka moto, hana uvivu. Anahitaji kupumzika, na watu wa nyumbani kwake wanapaswa kuelezwa.

Kuhusu mazoezi, ushauri wa Shirika la Afya Duniani ni walau dakika 150 kwa wiki za mwendo wa kadiri, yaani kutembea kwa haraka kiasi cha kuweza kuongea lakini si kuimba. Mkulima wa Tandahimba hizo anazipata shambani. Mwalimu, karani, muuza duka na dada yangu mbanguaji anayekaa kitako siku nzima hawazipati.

Mbanguaji, mikono yako itunze. Majivu yanasaidia kiasi, wengine hupaka mafuta ya nyonyo kabla ya kuanza, na glavu zikipatikana ni bora zaidi. Kila baada ya muda simama, nyoosha mgongo na shingo. Najua malipo ni ya kilo, lakini mgongo ukiharibika hakuna kilo.

Jambo langu mimi? Siku yangu ya mapumziko navuka kwa pantoni kwenda Msangamkuu. Sina ndugu kule wala biashara. Navuka, natembea, kama ni bamvua na maji yametoka mbali nawatazama akina mama wakisaka pweza kwenye miamba, nanunua muhogo, navuka kurudi. Mwanzoni nyumbani waliniuliza naenda kwa nani. Sasa wananiuliza nitarudi saa ngapi, na hiyo inatosha.

Mwalimu wa Chuno

Nimesoma yote. Nianze na dada yangu wa Newala.

Sijakuchukia. Hoja yako naiweka juu ya yangu. Ni kweli mshahara unanipa kivuli ambacho wewe huna, na sitakwambia kubangua ni raha eti kwa sababu mnaongea na kuimba mkiwa kazini. Anayesema hivyo hajaunguzwa na yale mafuta.

Kuhusu muda unatoka wapi, nikueleze ulivyopatikana kwangu, uone kama kuna cha kuchukua. Jioni ile ya kusuka ilitokana na mazungumzo magumu. Wanangu wa kiume walikuwa wakirudi shule wanakaa wakisubiri sahani. Nilikaa nao pamoja na baba yao, nikawapangia siku za kupika na siku za kuosha vyombo. Majirani walisema nawalea vijana kama mabinti. Mume wangu aliyumba kidogo, kisha akasimama upande wangu mbele ya watu, na hilo sitalisahau. Wali wa kwanza uliungua, wa pili uliiva. Bila hilo nisingekuwa na jioni hata kwa mshahara wa waziri.

Kuhusu bao, umenipa neno nililokuwa nalihitaji. Bao lina mashimo 32 na kete 64, lina hatua ya kunamua na hatua ya mtaji, linataka akili na subira, na wanaume wanaocheza wanaheshimika kwa kucheza. Nataka liendelee. Nataka na sisi tukikaa tuheshimike vile vile. Na tulikuwa navyo vya kwetu. Bibi zangu walikuwa wakitoka kundi zima bamvua kwenda kuokota pwani, wanarudi na kitoweo, lakini ukiwauliza wangekwambia walikwenda kwa ajili ya kwenda. Walikuwa na hadithi za huko wasizotusimulia watoto.

Mkulima, umenifikirisha kuhusu kengele. Inawezekana kabisa ajira ndiyo iliyonifundisha kutenganisha. Ila kumbuka nawe ulikataa malipo ya ngoma. Ulijua pa kuweka mpaka.

Mstaafu Mikindani

Marahaba wanangu.

Nina 67. Nilikuwa karani serikalini, nikastaafu kwa lazima nilipotimiza 60. Wengine huchagua kuondoka kwa hiari wakifika 55. Ninyi siku hizi mnazungumza sana kikokotoo, ile hesabu ya mafao ya kustaafu, na mna sababu: tangu Julai 2022 mkupuo, yaani sehemu inayolipwa kwa mara moja, ukawa asilimia 33, na mwaka 2024 ikatangazwa kwamba wale ambao zamani wangepata nusu wapandishiwe hadi 40. Fuatilieni, ni haki yenu. Lakini kuna hofu nyingine ambayo haizungumzwi ofisini, nami nitawaeleza kwa sababu niliiona kwa macho yangu.

Niliostaafu nao, wenye fedha na wasio nazo, waligawanyika kwa jambo moja: kama walikuwa na kitu cha kufanya ambacho si kazi. Asiyekuwa nacho aliamka Jumatatu, akavaa shati, akakaa kibarazani akisubiri. Baada ya wiki chache alianza kugombana na mkewe juu ya chumvi. Baada ya miezi akaingia kwenye biashara asiyoijua, kwa sababu hakuweza kukaa. Ninaowafahamu walinunua magari ya abiria wakiwa hawajawahi hata kuhesabu tairi. Wengine walijenga nyumba za wageni enzi zile za matumaini ya gesi, kabla bomba la kwenda Dar es Salaam halijakamilika 2015, wakidhani mji utajaa watu. Ukiwauliza leo, si wote waliokuwa wakitafuta fedha. Walikuwa wakitafuta pa kwenda asubuhi.

Kwa hiyo Mwalimu yuko sahihi, nami naongeza: kupumzika kunajifunzwa, na 60 ni kuchelewa. Anza na 45 wakati bado una nguvu ya kujifunza jambo jipya na marafiki wa kulifanya nao. Na marafiki hao wasiwe rika lako tu. Mimi barazani kwetu wale tuliokuwa tukicheza bao nilipostaafu, wengi tumewazika. Naendelea kucheza kwa sababu kuna vijana wa miaka 30 na 40 niliowafundisha kunamua. Wangekuwa wazee watupu, ningebaki na ubao na kete.

Binti yangu wa Newala, nimekusikia. Barazani kwetu tuna utaratibu. Mtu akionekana pale tangu alasiri na tunajua kwake kuni hazijakatwa au mtoto anaumwa, tunamnyanyua. Mzee mmoja alianzisha, sasa ni kawaida. Adhana ya magharibi ikilia bao linafunikwa, kila mmoja anakwenda kwake. Mchezo wenye adabu haumnyimi mke wa mtu pumziko. Msomee mumeo haya, mwambie ni mzee wa Mikindani amesema.

Mtwara Niliyeko Dar

Shikamoo mzee. Wakuu, mimi nina 45, mhasibu Dar es Salaam, kwetu ni Mtwara mjini.

Nitapinga kidogo. Nina kitalu cha miche ya matunda na maua Mbagala, kilianza kama starehe, sasa kinaniingizia fedha, na bado nakipenda. Nikitoka kwenye foleni nakwenda kwenye miche kabla sijaingia ndani. Mwalimu anasema bei huua raha. Kwangu bei imeilinda, kwa sababu kisingeleta kitu ningeonekana nacheza, na mke wangu angekuwa ameshasema eneo lile tupangishe.

Kinachoniuma mimi ni nyumbani. Nilipokuwa mdogo kusafiri kuja Dar masika kulikuwa mtihani, barabara tope, mnalala njiani, Rufiji mnavuka kwa pantoni. Daraja la Mkapa likafunguliwa 2003, vipande vilivyobaki vikawekwa lami miaka iliyofuata, sasa kilomita 560 na zaidi kidogo unazimaliza mchana mmoja. Nami naenda mara chache kuliko baba yangu aliyekuwa akisafiri kwenye tope. Naenda kwenye msiba, nazika, narudi kuwahi Jumatatu. Sijala ming'oko, vile viazi vya porini vya kwetu, nikiwa nimekaa, bila kuangalia saa, muda mrefu sana. Barabara ilifunguka, mimi ndiye niliyefungwa.

Mwalimu wa Chuno

Kaka, karibu sana, na pole kwa misiba.

Kuhusu kitalu sitakubishia, wewe ndiye unayekijua. Nina kipimo kimoja ninachokitumia, jaribu ukiangalie. Je, unaweza kukiacha wiki mbili, ukaja huku kwetu, bila mtu kukupigia simu kulalamika? Kama unaweza, bado ni chako. Kama huwezi, kimeshakuwa mwajiri, hata kama ni mwajiri unayempenda. Nami sisemi kila mwenye jambo zuri asiuze. Mbanguaji akiniambia kesho anataka kusuka auze, nitamfundisha bila kumwuliza sababu. Ninachokataa ni kulazimishwa, na kuonekana mpungufu kwa kutouza.

Ila siku hizo za kuzika na kurudi, hapo nazungumza kama dada yako: likizo yako ni siku 28. Iombe kwa maandishi mapema, uje Juni au Julai, joto limepungua. Usiwaambie ndugu kwamba unakuja kukagua nyumba au kupima kiwanja, maana watakupangia vikao. Waambie unakuja kukaa. Ming'oko ipo sokoni, nitakuchemshia.

Mzee wangu, asante. Hilo la marafiki wa rika tofauti sikuwa nimeliwaza kabisa. Mama yangu ana mimi, na mimi nimebaki kumtegemea yeye. Kuna wasichana wa kidato cha tatu waliowahi kuniomba niwafundishe ukili, nikawajibu wasome kwanza. Jumamosi nitawaita.

Mkulima Tandahimba

Waite. Na ukija Nanyamba shambani nipigie mluzi, Tandahimba si mbali. Januari minada ikipoa kuna ngoma huku, mje wote, na huyo wa Dar aje.

Mbanguaji wa Newala

Nimerudi. Nilimsomea mume wangu uzi wote jana usiku. Nilipofika kwenye maneno ya mzee wa Mikindani alinyamaza, kisha akauliza ni mzee gani huyo. Asubuhi kuni zilikuwa zimekatwa. Sijui itadumu vipi, lakini zimekatwa, na amesema maji ya Jumapili atachota yeye na vijana.

Mwalimu, sitasuka. Mikono yangu haitaki tena kitu kinachokata. Jumapili alasiri nitakwenda kwa dada yangu, hatujakaa pamoja bila shughuli tangu harusi ya mwanawe. Nikipata nguvu tutatembea hadi ukingoni mwa milima ambako Ruvuma inaonekana kwa mbali, tulikuwa tukipenda kwenda tulipokuwa wasichana.

Muuguzi, nina swali. Haya ya joto la ghafla na kuamka saa nane ni yangu kabisa, yana miezi sasa. Nikitaka kupimwa presha na kuulizia hayo, ni lazima nije Mtwara mjini?

Muuguzi Kusini

Hapana dada, usipoteze nauli. Presha inapimwa hapo hapo Newala, kituo cha afya au hospitali ya wilaya. Nenda asubuhi, kaa utulie dakika tano kabla hawajakufunga mkanda wa kipimo, usiwe umetoka kubeba kitu. Waeleze na hayo ya usiku kama ulivyoyaandika hapa, usione haya. Ukishapata majibu niandikie humu au faragha.